Kengele shingoni mwa protini: mwongozo wa kuchunguza protini za utando wa seli kwa EPR

Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo la KcsA, mfereji wa potasiamu wa bakteria Streptomyces lividans. Ilikuwa kazi kubwa, na mwaka 2003 ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Lakini mfereji kwenye picha ile ulikuwa umefungwa. Mlango unafunguka vipi? Fuwele haikuweza kusema, kwa sababu ndani ya fuwele protini imegandishwa katika pozi moja.

Mwaka 1999 Eduardo Perozo na kundi lake, wakati huo wakiwa University of Virginia, walijibu bila fuwele yoyote. Walifunga elektroni moja isiyo na mwenza kwenye asidi amino moja baada ya nyingine, wakashusha pH, wakaangalia elektroni zile zinavyoitikia ndani ya sumaku. Helisi za upande wa ndani wa mfereji, yaani vipande vya protini vilivyojisokota kama springi, zilikuwa zinajitenga. Ni sawa na mchungaji anayemfunga mbuzi kengele: hamwoni mbuzi kichakani, lakini anasikia kama ametulia, anakimbia, au yuko karibu na mwenzake.

Mbinu hiyo huitwa EPR (electron paramagnetic resonance). Ni ndugu wa NMR (nuclear magnetic resonance), ila badala ya kusikiliza viini vya atomu inasikiliza elektroni. Nitatumia KcsA kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ina tabia nzuri kwa anayejifunza: haina sisteini ya asili (asidi amino tutakayofungia kengele), inazalishwa kwa urahisi ndani ya bakteria E. coli, na inafunguka kwa kushusha pH tu kutoka 7 hadi 4. Jambo moja nakuambia mapema: muda mwingi utaumalizia kwenye meza ya maabara. Mashine itakusomea ulichoweka tu, kiwe safi au kichafu.

Je, kweli unahitaji EPR?

NMR inakupa habari za atomu nyingi kwa mara moja, lakini protini kubwa huizonga. KcsA ina vipande vinne vya asidi amino 160 kila kimoja, jumla 640, na juu yake kuna joho la sabuni au mafuta. Kitu kizito hivyo huzunguka polepole majini, na mistari ya NMR hupanuka hadi kupotea. Mbinu ya TROSY, iliyotoka katika kundi la Kurt Wüthrich mwaka 1997, ilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza, na bado utahitaji nitrojeni-15, kaboni-13, mara nyingi deuteri (haidrojeni nzito) pia, na protini ya miligramu kadhaa.

Usumaku wa elektroni ni takriban mara 658 ya ule wa protoni. Ndiyo maana EPR hutosheka na mikrolita chache za protini ya mikromola 50 hadi 100, na haijali protini ina ukubwa gani. Gharama yake ni kwamba unasikia kengele moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua hali ya kila atomu, nenda NMR. Ukitaka kujua kama mlango umefunguka, umefunguka kiasi gani, na kipande fulani kiko majini au kimezama kwenye mafuta, endelea kusoma.

Kuchagua mahali pa kufunga

Protini za kawaida hazina elektroni za pekee, kwa hiyo tunazileta kutoka nje. Wayne Hubbell na wenzake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, waliifanya kazi hii iwe ya kawaida: unabadilisha jeni ili asidi amino moja iwe sisteini, kisha unaishikiza molekuli ndogo iitwayo MTSSL, yenye nitroksidi inayobeba elektroni hiyo; ndiyo lebo yetu, kengele yenyewe. Kama protini yako ina sisteini za asili, zibadilishe kwanza ziwe serini au alanini, na hakikisha bado inafanya kazi. KcsA inakuepusha na shughuli hiyo.

Usichague sehemu moja ukategemea bahati. Chagua angalau sita. Kwa swali la mlango, sehemu nzuri ni helisi ya pili, pale helisi nne zinapopishana upande wa ndani, kati ya asidi amino ya 108 na 115. Ongeza sehemu moja unayojua iko majini na nyingine unayojua inatazama mafuta. Hizo mbili ndizo mizani yako. Bila hizo utasoma namba usizojua uzito wake.

Epuka glisini zilizo mahali pa kupinda, prolini, na kichujio cha potasiamu chenyewe. Hapo hata badiliko dogo linabomoa nyumba nzima.

Kuweka lebo

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hiyo nitaenda polepole.

Zalisha protini ndani ya E. coli, itoe kwenye utando kwa sabuni ya DDM, kisha ipitishe kwenye kolamu. Ukitumia kolamu ya nikeli, jihadhari: ioni za nikeli zikivuja zikabaki kwenye sampuli, zina usumaku wake na zitaharibu vipimo vyote vya baadaye. Bafa yenye EDTA kidogo baada ya kolamu huzikamata.

Sasa sisteini lazima iwe wazi. Wakati wa kusafisha, sisteini mbili huweza kushikana, hasa kwenye mfereji wenye vipande vinne vinavyokaribiana. Tia DTT milimola 5 kwa nusu saa ili kuzifungua. Kisha DTT yote itoke, nasema yote, kwa sababu itaila MTSSL kabla haijafika kwenye protini. Ipitishe sampuli kwenye kolamu ya kuondoa chumvi, na isiwe na haraka: kusanya matone katika vichupa vidogo vingi, uchukue vile vya mwanzo tu vyenye protini. Mimi niliwahi kuchukua na vya mwisho kwa tamaa ya kuongeza kiasi. Wiki mbili nilikuwa natazama spektra (mchoro wa mwitikio wa elektroni) iliyofifia nikiilaumu mashine, hadi mwenzangu mmoja aliponiuliza kwa upole, "Kaka, DTT uliitoa?" Iliyobaki kwenye vichupa vile vya mwisho ilitosha.

Mara protini inapotoka kwenye kolamu, tia MTSSL mara kumi ya kiasi cha protini, ukihesabu kwa kila kipande na si kwa mfereji mzima. Kama vipande viko mikromola 50, lebo iwe mikromola 500. Andaa lebo kwanza katika asetonitrili au DMSO kwa milimola 100, uihifadhi kwenye friza gizani. Bafa iwe na pH 7 hadi 7.5. Ikipita hapo sana lebo huanza kujiunga yenyewe kwa yenyewe. Acha saa moja au mbili kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4, chupa ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Sehemu zilizojificha ndani ya protini zinahitaji usiku kucha.

Kisha ondoa lebo iliyobaki. Kolamu moja haitoshi kila wakati, kwa sababu lebo hupenda kujificha ndani ya matone ya sabuni. Baada ya kolamu, osha mara kadhaa kwa kichujio cha mzunguko, bafa ikiwa na DDM asilimia 0.05. Kuanzia hapa, DTT, askobati na vinavyofanana navyo ni marufuku: DTT inang'oa lebo, na askobati inaizima nitroksidi.

Vipimo viwili kabla ya kukimbilia sumaku

KcsA ina tabia ya ajabu: mfereji wake wa vipande vinne hustahimili hata SDS, sabuni kali inayovunja protini nyingi. Ukipakia kwenye jeli bila kuchemsha, utaona mstari juu, karibu na kilodaltoni 65 au 70. Ukichemsha, unashuka hadi kwenye kipande kimoja cha takriban 18. Pakia sampuli yenye lebo bila kuchemsha. Mstari ukiwa chini, lebo imeuvunja mfereji, na mabadiliko yako ya jeni yanahitaji kufikiriwa upya. Kama unaweza kupata mashine ya kupima uzito wa molekuli, lebo huongeza daltoni 184 kwa kila kipande.

Kipimo cha pili ni kuhesabu spini, yaani zile elektroni zisizo na mwenza. Andaa TEMPOL, nitroksidi ndogo iliyo huru, ya mikromola 10, 25, 50, 100 na 200 katika bafa ileile, chukua spektra, na fanya jumla (integration) mara mbili, kwa sababu spektra ya EPR huchorwa kama mteremko na si kilele. Chora mstari wa kulinganishia, kisha weka sampuli yako juu yake. Gawanya spini kwa protini. Chini ya asilimia 80 rudi mezani. Zaidi ya asilimia 100 una lebo isiyoshikwa, au umekosea kupima protini.

Spektra ya joto la chumba

Mashine ya kawaida hutumia mikrowevu ya gigahezi 9.5, na nitroksidi itaitikia sumaku ikiwa karibu gausi 3,380. Maji hunyonya mikrowevu kama yanavyofanya kwenye jiko la mikrowevu, kwa hiyo sampuli hukaa kwenye kapilari nyembamba. Pima upana wa gausi 150, mtikisiko wa uga gausi 1 kwa kilohezi 100, na nguvu ya mikrowevu ndogo ya kutosha isishibishe spini. Namna ya kujua: ongeza nguvu mara nne, urefu wa mistari unapaswa kuongezeka mara mbili. Ukiongezeka chini ya hapo, umezidisha.

Utaona mistari mitatu, kwa kuwa kiini cha nitrojeni-14 kina hali tatu. Umbo lake ndilo habari.

Mistari myembamba, mirefu karibu sawa, iliyoachana kwa gausi 16 hivi, ni lebo inayozunguka huru majini. Mara nyingi hiyo si protini, ni lebo uliyoshindwa kuiosha. Na hapa kuna mtego: urefu wa mstari hupungua kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo lebo huru ya asilimia moja tu inaweza kusimama juu ya spektra nzima kama mnazi katikati ya mpunga. Usishtuke, na usidanganyike. Osha tena, au itoe kwenye hesabu.

Mistari iliyopanuka kiasi ni lebo iliyo juu ya helisi, ikicheza kidogo. Spektra iliyotanuka sana pembeni, yenye vilele vya nje vilivyotengana, ni lebo iliyobanwa na majirani. Sehemu ileile ikiwa na sura mbili kwa pamoja, ujue aidha protini iko katika hali mbili, au lebo yenyewe inakaa kwa namna mbili. Kutofautisha hayo mawili si rahisi. Badilisha pH au joto uone ipi inasogea.

Sasa jambo la KcsA. Vipande vinne maana yake ni lebo nne, zikitazamana kuuzunguka mfereji. Kwenye pH 7, lebo za sehemu ya mlango huwa karibu kiasi cha kusumbuana, na spektra nzima inapanuka na kufupika. Shusha pH hadi 4 kwa bafa ya sitrati, uone: mistari inarefuka, kwa kuwa lebo zimeachana. Lakini subiri kabla ya kushangilia. Mistari inaweza kurefuka pia kwa sababu lebo imepata nafasi ya kucheza. Ili kujua, andaa sampuli nyingine ambayo umechanganya MTSSL na ndugu yake asiye na elektroni ya pekee, moja kwa nne au zaidi. Kwenye sampuli hiyo, mifereji mingi kati ya ile yenye lebo hai itakuwa na moja tu, na msumbuano utapungua sana. Tofauti ya umbo kati ya sampuli hizo mbili ndiyo ukaribu. Kinachobaki ni mchezo wa lebo.

Kuirudisha protini kwenye mafuta

Sabuni si utando. Majibu ya mwisho yachukue kwenye mafuta: ama vilengelenge vya lipidi, ama nanodiski, vile visahani vya lipidi vilivyofungwa mkanda wa protini ambavyo Stephen Sligar wa Illinois na wenzake walivitengeneza. Kwa vilengelenge, kausha lipidi kwa gesi ya nitrojeni, ziweke kwenye ombwe, ziloweshe, zigandishe na kuziyeyusha mara kadhaa, kisha zisukume kupitia kichujio cha nanomita 100. Changanya na protini, na nyonya sabuni kwa shanga za polistireni. Baki na lipidi nyingi: 500 au zaidi kwa kila mfereji, la sivyo mifereji itasongamana na utapima umbali kati ya majirani wasiohusiana.

Utando wenyewe nao unaweza kufungwa kengele. Kuna lipidi zenye nitroksidi mahali mbalimbali kwenye mkia: ya kaboni ya 5 iko karibu na kichwa na hubanwa, ya 16 iko karibu na katikati na hucheza ovyo. Tia asilimia moja ya moli au chini yake. Ukizidisha, lebo hugongana na mistari hupanuka kwa sababu isiyohusu utando. Na kabla ya kuamini kipima joto cha mashine, chukua utando wa DPPC pekee (aina moja ya lipidi) upandishe joto. Karibu na nyuzi 41 lazima spektra ibadilike ghafla, kwa kuwa hapo mafuta hayo yanalainika. Yakilainika kwenye 37, kipima joto chako ndicho kinachodanganya.

Kina

Kujua lebo imezama kiasi gani kunatumia ujanja ninaoupenda kuliko yote. Oksijeni hupenda mafuta, na hukusanyika katikati ya utando. Mchanganyiko wa nikeli uitwao NiEDDA hupenda maji, na huingia kwenye utando kwa shida. Vyote viwili, vikiigonga lebo, huisaidia kutulia haraka, na hivyo inashiba kwa nguvu kubwa zaidi ya mikrowevu.

Basi weka sampuli kwenye kapilari ya plastiki ya TPX inayopitisha gesi. Pima mara tatu: ndani ya nitrojeni, ndani ya hewa, halafu ndani ya nitrojeni ukiwa umeongeza NiEDDA milimola 20 hadi 50. Kila mara panda ngazi za nguvu, na uchore urefu wa mstari wa kati. Kwa kila mchoro tafuta nguvu ambayo mstari umefika nusu ya urefu ambao ungekuwa nao kama usingeshiba. Ondoa ile ya nitrojeni kutoka kwa hizo mbili. Logi asilia ya uwiano wa oksijeni kwa nikeli huongezeka kwa mstari ulionyooka kadiri lebo inavyozama. Zile lipidi zenye lebo kwenye kaboni zinazojulikana zitakupa rula ya kugeuza namba hiyo kuwa nanomita.

Ukichora oksijeni kwa kila sehemu ya helisi inayotazama mafuta, inapanda na kushuka kila baada ya asidi amino 3.6. Mara ya kwanza nilipoliona wimbi hilo likitoka kwenye namba zangu mwenyewe, nilisahau hasira yote ya DTT.

Umbali, kwa DEER

Zaidi ya nanomita 2 hivi, spektra ya kawaida haioni tena msumbuano. Hapo unaingia kwenye mapigo ya mikrowevu, mbinu iitwayo DEER. Wazo la msingi lilitoka Novosibirsk mwaka 1981, kwa Milov, Salikhov na Shirov; namna ya mapigo manne tunayotumia leo ilichapishwa na kundi la Mainz mwaka 2000. Unasikiliza mwangwi wa spini moja huku ukiipindua nyingine, na mwangwi unapanda na kushuka kwa masafa yanayotegemea umbali: megahezi 52.04 ikigawanywa kwa umbali wa nanomita uliopandishwa kipeo cha tatu (umbali × umbali × umbali).

Hesabu hiyo ifanye kabla hujaweka sampuli. Kwa nanomita 3 mzunguko mmoja ni mikrosekunde 0.52. Kwa 5 ni 2.4. Kwa 6 ni 4.15. Kama mwangwi wako unakufa kwenye mikrosekunde 2, usidai umeona nanomita 6. Hukuusikiliza wimbo hata ubeti mmoja.

Kurefusha uhai wa mwangwi ni kupunguza protoni zinazoizunguka lebo. Tumia maji mazito badala ya maji ya kawaida, na asilimia 20 hadi 25 ya gliserini yenye deuteri ili sampuli igande kama kioo. Mkusanyiko wa spini uwe mikromola 20 hadi 100. Usitumie fosfati ya sodiamu, pH yake huyumba wakati wa kuganda, na kwa mfereji unaofunguka kwa pH huo ni msiba. Tumbukiza mrija wa kwazi kwenye nitrojeni kimiminika, katika chumba kinachopitisha hewa, ukiwa na miwani; mrija uliovuja nitrojeni ndani hupasuka unapopata joto. Kisha pima kwenye kelvini 50 hivi, ikiwezekana kwa mashine ya gigahezi 34, ambayo kwa nitroksidi husikia vizuri zaidi.

Programu kama DeerAnalysis au DeerLab zitageuza mwangwi kuwa mgawanyo wa umbali. Kinachobadilisha jibu zaidi ni mandhari ya nyuma, yaani mchango wa lebo za protini nyingine. Sogeza mwanzo wa mandhari huku na huku. Kilele kinachohamahama nawe si cha protini. Kwenye KcsA tarajia vilele viwili, kwa kuwa lebo nne zimekaa kama pembe za mraba: upande, na mshazari ambao ni upande mara 1.41. Uwiano huo ukikosekana, kuna kosa. Na lebo nne kwa pamoja huzaa vivuli vya umbali usiokuwepo. Punguza nguvu ya pigo la kupindua, au rudia kwa sampuli ile iliyochanganywa lebo isiyo na elektroni, uone vipi vinabaki. Kumbuka pia kwamba nitroksidi imekaa kwenye mkono mrefu: kutoka uti wa protini ni nanomita 0.5 hadi 0.8, kwa hiyo usiulinganishe umbali wako na fuwele moja kwa moja. Weka lebo kwenye fuwele hiyo kwa programu kama MMM kwanza, kisha linganisha.

Vipimo vikiisha, usitupe mrija. Uyeyushe taratibu kwenye barafu, pakia matone kadhaa kwenye jeli bila kuchemsha, na utazame kama mstari bado uko juu kule kwenye 65 au 70. Ukiuona umeshuka hadi 18, futa umbali wote wa siku hiyo kwenye daftari na uanze na kichupa kipya.